Skrubu ya Nne

Sajini Wasike alirudi Mau Narok na fundi wa gesi akiwa kiti cha nyuma cha Landrover, na fundi huyo hakufurahi kuletwa.

Tangu Njoro mpaka walipoanza kupanda katikati ya mashamba ya ngano, Jagat Singh aliukumbatia mfuko wake wa vyombo magotini kama abiria anayeogopa wezi. Alikuwa mtu mnene, mwenye karakana yake mjini Nakuru, na kwa miaka michache iliyopita ndiye aliyewawekea masetla wengi majiko ya gesi.

"Mimi iko weka gesi nyumba mingi," alisema, bila kuulizwa. "Hakuna moja imelipuka."

"Moja imelipuka," Wasike alisema.

Fundi akaukaza mfuko kifuani mpaka getini kwa shamba la Bwana Pelham.

Jumatatu ya wiki ile chumba cha pasi katika nyumba ya Bwana Pelham kilikuwa kimeruka hewani, kikamuua Chelagat, mwanamke aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za nyumba hiyo. Siku ileile Inspekta Crowther, mkubwa wa Wasike, alimtia pingu mpishi, Ephantus Mathenge. Hakuhitaji mengi. Ephantus alikuwa Mkikuyu aliyetoka kizuizini mwaka uliotangulia kwa ajili ya Mau Mau. Jiko la gesi lilikuwa chini ya mkono wake. Asubuhi alionekana akiinamia mitungi ya gesi. Na chumba kilipolipuka yeye alikuwa nje, mzima, katika bustani ya mboga. Kabla polisi hawajafika, wafanyakazi wa shamba walikuwa wamekwisha kumwangusha na kumpiga kwa mipini ya majembe mpaka damu ikamtoka sikioni. Aliyemshika miguu asikimbie alikuwa Kimaiyo, dereva wa trekta, mume wa marehemu. Hakuna aliyemlaumu.

Ilibaki kuandika maelezo ya mshtakiwa tu, na Wasike alitumwa selo kuyachukua. Alimkuta Ephantus amefunga kitambaa sikio la kulia, na kila alipoulizwa jambo aligeuza kichwa ili asikie kwa lile jingine.

"Ulifanya nini kwa mitungi asubuhi?"

"Nilitikisa, afande. Moto ulikuwa umelala. Siku zote unasimama, rangi ya buluu. Hiyo siku ulikuwa mdogo, maji ya chai yanakataa kuchemka. Nikafikiri gesi imeisha. Nikatikisa mtungi, nikapata bado ni mzito."

"Harufu je?"

"Jikoni hakuna. Nilipitisha pua kila mahali."

"Na kule bustanini ulifuata nini?"

"Liki, ile mboga kama kitunguu. Memsahib alitaka supu."

Wasike aliandika hayo yote, akaondoka. Lakini alipofika kwenye ngazi za ofisi alisimama. Mtu anayetaka kujaza nyumba gesi hahangaiki kwa sababu moto wa chai ni mdogo. Na ikiwa mtungi ulikuwa mzito, na jiko halikupata gesi ya kutosha, na jikoni hakukuwa na harufu, basi gesi ile ilikuwa ikiishia mahali fulani kabla ya kufika jikoni. Na kati ya mitungi, iliyokuwa nje, na jiko palikuwa na ukuta wa chumba cha pasi tu.

Ndiyo maana sasa alisimama na Jagat Singh katikati ya vifusi vya chumba cha pasi.

Kilikuwa chumba kidogo. Dirisha lilikuwa limeng'oka na fremu yake, mbao za dari zimetupwa uani, na mlango umelala ng'ambo ya ukumbi. Pasi ya makaa aliyoishika Chelagat ilikuwa pembeni, mdomo wazi, jivu limemwagika. Ukuta mmoja ndio uliotenganisha chumba hicho na jiko. Ulikuwa wa mawe, nao haukuanguka. Ni plasta yake tu iliyobanduka vipande vipande. Upande wa pili, jikoni, vikombe vilikuwa bado vinaning'inia kwenye kulabu zake.

"Nionyeshe paipu inapita wapi."

Fundi alionyesha kona ya nje, ambako mitungi ilisimama. "Inaingia hapa." Mkono wake ulikuwa usawa wa kifua. Kisha akaonyesha mbali, karibu na sakafu, mwisho wa ukuta. "Inatokea pale, nyuma ya jiko."

"Na hapa katikati?"

Jagat Singh alichora mstari hewani kwa kidole. Mstari ulishuka mshazari, kutoka juu kushoto mpaka chini kulia.

"Ndivyo unavyoweka siku zote?"

"Hapana." Alijifuta uso ingawa kulikuwa na baridi. "Siku zote paipu inashuka wima, nje ya ukuta, inashikwa na klipu, kila mtu naiona. Halafu inatoboa ukuta mara moja tu, moja kwa moja, imevaa paipu ingine kubwa ili saruji isiile. Kama lazima ilale ndani ya plasta, basi inaenda wima ama inaenda sawasawa na sakafu. Mtu akiona jiko anajua, juu ya hapa kuna paipu, asipige msumari. Lakini mshazari nani atajua?"

"Wewe ulijua."

"Mimi ilijua. Bwana nasema memsahib hataki kuona paipu, si jikoni, si nje. Pitisha ndani, njia ya mkato, funika. Mimi nasema si vizuri. Yeye nasema Nakuru iko fundi mwingine." Aliangalia viatu vyake. "Basi nikafunika."

Wasike aligeukia ukuta. Alitandika gunia sakafuni, akachuchumaa, akaanza kukusanya vipande vya plasta vilivyoanguka chini ya ukuta na kuvipanga upande wa rangi ukiwa juu, kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu. Rangi ya ukuta ilikuwa ya maziwa, imefifia kwa jua na moshi wa makaa, lakini kadiri vipande vilivyopata wenzao, kulitokea katikati eneo refu lenye rangi mpya, safi, kama ngozi iliyokuwa chini ya saa ya mkono. Kwenye kila kona ya eneo hilo kulikuwa na tundu la skrubu.

Akanyanyuka, akaufuata mstari wa paipu kwa patasi mpaka akaifikia mahali lilipokuwapo tundu la kona ya chini, upande wa kushoto. Akaikata paipu kipande kifupi kwa msumeno wa fundi, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa na tundu dogo, la mviringo, na kingo zake zilikunjamana kuingia ndani.

"Tazama," alisema. "Kama mlipuko ndio ulioipasua, ingepasuka kwa urefu. Hii imetobolewa kutoka nje."

Fundi aliisogeza karibu na macho. "Skrubu. Ona, meno yake yamebaki. Na hii kijani kwa mdomo wa tundu, kutu ya shaba, haiji kwa siku mbili tatu. Hii ni ya zamani."

"Kama ni ya zamani, nyumba ilikaaje muda wote huo bila kulipuka?"

Jagat Singh aliigeuza paipu, akaichungulia tena. Wasike ndiye aliyejijibu.

"Skrubu iliyotoboa ndiyo iliyoziba. Ilikaa humo kama kizibo cha chupa. Mpaka mtu akaja akaitoa."

Bwana Pelham aliwakuta hapo. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwapo. Memsahib alikuwa amekwenda Nairobi kutuliza moyo.

"Wewe nafanya nini na ukuta yangu?"

"Naangalia, bwana. Hapa kulikuwa kumetundikwa nini?"

"Hapana kitu."

"Rangi inaonyesha kitu kirefu."

"Picha. Memsahib natoa zamani sana."

"Picha moja, skrubu nne?"

Pelham alimtazama fundi, kisha paipu iliyokuwa mkononi mwa Wasike. "Inspekta Crowther najua wewe iko hapa?"

"Anajua, bwana."

Crowther hakujua. Pelham akaelekea ofisini kwake, na mara wakasikia akizungusha mkono wa simu. Wasike alijua kwamba hana muda mrefu. Alimwacha fundi kwenye gari, akaenda kwenye banda la matrekta.

Kimaiyo alikuwa peke yake, anapaka plau grisi. Mkewe alizikwa jana yake na leo alikuwa kazini, maana msimu wa kulima haukumngoja. Alikuwa kijana wa Kitugen mwenye mabega mapana. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini mikono ilikwenda na kazi kama kawaida.

"Pole sana, ndugu."

"Tumeshapoa, afande. Huyo mtu atanyongwa lini?"

"Bado tunauliza maswali."

"Maswali gani imebaki?"

Wasike alikuwa akitazama nyuma ya Kimaiyo, ukutani kwa banda. Spana za trekta zilikuwa zimetundikwa kwenye ubao mrefu wa mti mzuri, uliopakwa vanishi, uliokatwa mapengo ambayo hayakufanana hata kidogo na spana.

"Ubao huu umetoka wapi?"

"Kwa nyumba ya bwana. Ulikuwa wa bunduki. Wakati wa vita bunduki zilikuwa zinakaa kwa chumba cha pasi, karibu na mlango wa nyuma. Sasa bwana akasema vita imekwisha, memsahib amechoka kuziona. Akaniita niutoe."

"Lini?"

"Hiyo siku. Asubuhi, kabla sijawasha trekta. Ephantus alikuwa anaamsha jiko."

"Wewe ndiye uliyeutoa?"

"Bwana alishika ubao, mimi nikazungusha bisibisi. Skrubu tatu zilitoka haraka. Ya nne ilikuwa ngumu. Ilikuwa refu kushinda zile zingine."

"Ilipotoka, uliona nini?"

Kimaiyo alifikiri. Hakuona sababu ya kuficha, wala hakujua kama palikuwa na la kuficha. "Sikuona kitu. Nilisikia tu. Kama upepo mdogo unapita kwa tundu. Nikamwambia bwana. Akaweka kidole hapo, akanusa, akasema neno la Kizungu. Halafu akasema nifunge dirisha na mlango, harufu isiingie kwa nyumba, ataita Singh kesho. Nikamuuliza, nimwite Ephantus aangalie? Akasema, mwache, anapika chai yangu."

"Alimwambia mtu mwingine?"

"Mimi sijui. Nilichukua ubao nikaja huku."

"Skrubu ziko wapi?"

Zilikuwa ndani ya kopo la sigara, pamoja na nati na washa. Wasike alizichagua moja moja. Tatu zilikuwa fupi, zimejaa vumbi jeupe la plasta. Ya nne ilikuwa ndefu. Aliisugua kwa kidole gumba, na ncha yake, kwenye mifereji ya meno, ikang'aa wekundu wa shaba. Akaitoa ile paipu chini ya koti, akaingiza skrubu katika tundu, akaizungusha. Ilikaa sawasawa.

Kimaiyo aliacha grisi.

"Afande. Hiyo iko na maneno gani?"

Kwa miaka aliyofanya kazi ya upelelezi, Wasike, mtu wa Kimilili, alikuwa amewaambia watu mambo mengi mabaya, na alijifunza kuyasema kwa ufupi. Alimweleza Kimaiyo kwamba paipu ya gesi ililala ndani ya ule ukuta, mahali ambapo mtu yeyote asingetarajia. Kwamba aliyefunga ubao wa bunduki aliitoboa bila kujua. Kwamba gesi ilitulia kwa sababu skrubu ilibaki humo. Ilipotolewa, gesi ilitoka asubuhi nzima ikajaa sakafuni, dirisha na mlango vimefungwa. Kisha Chelagat akafungua mlango, na mkononi ana pasi ya makaa.

Kimaiyo alikaa juu ya gurudumu la plau. Alitazama mikono yake yenye grisi, akaifuta kwa gunia, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa haina kitu tena.

"Ni mimi, basi," alisema.

"Wewe ulizungusha bisibisi. Aliyejua kuna gesi ni mwingine."

"Nilimshika Ephantus miguu."

"Najua."

"Alikuwa ananiambia, 'Kimaiyo, moto ulikuwa mdogo.' Mara mbili, mara tatu. Nikafikiri ni uoga unamsemesha."

Nje, gari la Bwana Pelham lilikuwa linakuja kutoka upande wa nyumba. Wasike aliongeza sauti kidogo, asionekane kuficha jambo.

"Nataka niandike hayo uliyonieleza, na uweke kidole. Usipoweka, Ephantus atakwenda mahakamani, na mahakama za siku hizi unazijua. Ukiweka, yeye atatoka. Wewe watakufanya nini, sijui. Hapa shambani sidhani utakaa."

"Nikikataa, skrubu haisemi yenyewe?"

"Inasema ilitoka kwenye paipu. Haisemi ilitoka lini, wala nani alinusa kidole."

Kimaiyo aliinuka. "Andika," alisema. "Andika na lile la chai. Usiliache."

Wasike aliliandika, na Kimaiyo akaweka kidole mbele ya macho ya bwana wake.

Kesho yake, ofisini Nakuru, Inspekta Crowther aliyasoma maelezo yale mara mbili. Juu ya meza kulikuwa na paipu, skrubu nne, na vipande vya plasta vilivyopangwa kwenye ubao. Hakuwa mjinga. Aliingiza skrubu katika tundu yeye mwenyewe, akaitoa, akaingiza tena.

"Kazi nzuri, Sajini," alisema kwa Kiingereza. "Mpishi aachiliwe."

"Ndiyo, bwana. Na Bwana Pelham?"

"Pelham nimezungumza naye. Hakumbuki kusikia upepo wowote. Hakumbuki kunusa."

"Aliniambia ilikuwa picha, bwana. Kisha ikawa ubao wa bunduki."

"Mtu aliyefiwa na mtumishi nyumbani kwake anaweza kuchanganyikiwa." Crowther alichukua kalamu. "Ni neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mtu mmoja. Nitaandika ajali. Paipu iliwekwa vibaya na fundi wa Kihindi, atanyang'anywa kibali. Mfanyakazi Mwafrika akatoa skrubu."

"Kwa amri ya mwenye nyumba."

"Mfanyakazi Mwafrika akatoa skrubu," Crowther alirudia, na safari hii aliandika.

"Na Ephantus arudi kazini, bwana?"

"Pelham hamtaki. Bila mwajiri kipande chake, kibali cha kukaa Rift Valley, hakina nguvu. Mpe karatasi ya kusafiri, arudi kwao. Loli linaondoka mchana."

Ephantus alitolewa selo kabla ya saa sita. Alipewa mkanda wake, kofia, na bahasha yenye karatasi ya kusafiri. Wasike alimweleza kilichotokea, akisimama upande wa sikio zima. Mpishi alisikiliza yote hadi mwisho.

"Kwa hivyo niko huru," alisema.

"Uko huru."

"Na kazi hakuna. Na kipande cha kukaa Rift Valley hakuna."

"Hakuna."

"Daktari alisema hili sikio limekufa. Nilitaka nijue hilo litaandikwa wapi."

Wasike hakuwa na mahali pa kuliandika. Alimsindikiza mpaka barazani, na hapo wote wawili wakasimama.

Kimaiyo alikuwa kwenye benchi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na karibu na miguu yake kulikuwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba. Alisimama alipowaona. Aliutoa mkono wake mbele, ukabaki hapo hewani.

Ephantus aliutazama mkono huo. Hakuonyesha hasira, alionekana kama mtu anayeangalia kitu anachojua bei yake na ambacho hatakinunua. "Nilikuambia moto ulikuwa mdogo," alisema. Akavaa kofia, akaivuta chini upande wa kitambaa, akashuka ngazi kwenda kulitafuta loli. Kimaiyo alimwita kwa jina. Aliitwa upande wa sikio lililokufa, na haikujulikana kama alisikia.

"Amenifukuza," Kimaiyo alisema. "Bwana. Jana jioni. Nyumba ni ya shamba, na kaburi ni la shamba. Nimeambiwa nikitaka kuliona niombe ruhusa."

"Umekuja kushtaki?"

"Nimekuja unifunge."

"Sina la kukufungia, ndugu."

"Mtu ameua, anafungwa."

"Imeandikwa kuwa ni ajali."

Kimaiyo alikaa tena, polepole, akaegemeza viwiko magotini. "Bwana naye?"

"Ni ajali kwake pia."

"Na maneno ya chai?"

Wasike alitazama upande wa dirisha la ofisi, ambako Crowther alikuwa anapiga muhuri. "Niliyaandika," alisema. "Yako kwenye maelezo yako. Kwenye ripoti hayapo."

"Kwa hivyo hakuna mtu aliyemuua Chelagat."

Barabarani loli lilikuwa limewashwa. Mtu alikuwa akipakia magunia, mwingine anahesabu abiria. Wasike angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa kweli, na hakuna hata moja lingemfaa mtu aliyeketi pale na godoro lake.

"Hakuna," alisema.

Kimaiyo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolifuata. Akajifunga sanduku mgongoni, akaacha godoro kando ya benchi kwa sababu kwa miguu hakuweza kubeba vyote viwili, akaondoka.